Mama Kengele anataka amalize hadithi yake

Saa nne asubuhi, na mtembeza wageni hajavuka hata sentensi ya pili. Yuko katikati ya chumba kidogo kisicho na dirisha, nyuma ya jiko la jumba kongwe. Wageni wake wamekaa mbele yake, wengine sakafuni, wengine juu ya jiwe refu lililojengewa ukutani. Anafungua kinywa kuwaeleza waliokuwa wakilala juu ya jiwe hilo ni akina nani.

Kengele inalia.

"Simameni," anawaambia.

Wanasimama, wakitazamana. Kengele inanyamaza. Anawaruhusu wakae, anavuta pumzi, anaanza upya: "Kama nilivyokuwa nasema, watu hawa walinunuliwa..."

Inalia tena, mara hii kwa fujo na bila kukoma. "Simameni." Baba mmoja mnene, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata namna ya kukunja miguu yake, anainuka akiguna. Anatazama ile kengele ya shaba karibu na dari na kuuliza kama kuna moto.

"Hakuna moto, baba," anamjibu. "Kuna wenzenu juu wanacheza."

Mama huyu ana miaka hamsini na ushei. Kazi ya kutembeza wageni katika makumbusho haya aliianza binti yake akiwa bado mgongoni, na leo binti huyo ni muuguzi mwenye watoto wake mwenyewe. Wenzake kazini wanamwita Mama Kengele. Jina hilo halipendi hata kidogo, na ukimwita hivyo kabla hajanywa chai anakupita kana kwamba hajakuona.

Ukikaa naye nusu saa utajua jina lilikotoka. Jumba lilijengwa zama za ukoloni na tajiri mmoja mwenye mashamba ya miwa, na kila kitu ndani yake, kuanzia shambani hadi chumbani, kiliendeshwa na watumwa. Ghorofani, kando ya kitanda cha mke wa tajiri, inaning'inia kamba nene nyekundu yenye kishada. Kamba imeungwa na waya uliopita ndani ya ukuta, na waya unashuka hadi kwenye kengele ya chumba cha nyuma ya jiko.

Karibu na kamba pana kibao kidogo kilichoandikwa "Tafadhali vuta". Kamba hiyo ndiyo kitu pekee katika jumba zima ambacho mgeni anaruhusiwa kukigusa. Basi wanakigusa kwelikweli. Watoto wanavuta, wazazi wao wanavuta, wapiga picha wanavuta, na kila mmoja akishavuta anacheka, anakwenda zake. Wanachokisikia kule juu ni mlio mdogo wa mbali, tena mtamu.

"Huku chini si mtamu," anasema Mama Kengele. "Huku chini unakupasua kichwa."

Aliyekuwa zamu, anaeleza, alilala chini ya kengele yenyewe. Ikilia, aamke. Awe anakula, awe ananyonyesha, awe ndiyo kwanza amefumba macho, aamke. Hadithi hiyo Mama Kengele ameianza mara nyingi mno. Kuimaliza ni jambo jingine, kwa sababu kila akifika mahali pa maana, mtu fulani juu anavuta kamba.

Alikwenda kwa mkuu wa makumbusho kuomba kamba ifungwe. Mkuu, kijana mpole asiyejua kusema hapana ila kwa kuzunguka, akamwambia, "Mama, watu wanaipenda." Akarudi tena. Akaambiwa wataangalia. Akarudi mara ya tatu, akakuta mkuu ametoka kwa mlango mwingine.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akapanda juu ya stuli, akaitia kengele kitambaa. Makumbusho yakaita fundi. Fundi akakitoa kitambaa, akaisugua kengele, akaitia na mafuta juu yake, ikawa inalia vizuri kuliko mwanzo.

"Nilimtazama yule fundi," anasema, "nikameza maneno yangu yote. Lakini rohoni!"

Kamba si adha pekee. Kwa miaka yote ziara ilianzia mlango mkubwa wa mbele. Wageni walipanda ngazi za mbao nyeusi wakashangaa. Waliiona piano wakashangaa, waliviona vyombo vya kaure wakashangaa, walikiona kitanda chenye mapazia wakashangaa zaidi. Walipofikishwa chumba cha nyuma, mshangao ulikuwa umewaishia. Miguu inauma, mtoto anataka haja, dereva anapiga honi nje.

"Wanachungulia mlangoni, wanasema 'maskini', halafu wananiuliza choo kiko wapi," anasema. "Miaka yote hiyo! Maskini, choo kiko wapi. Maskini, choo kiko wapi."

Maharusi ndio usiseme. Wanakuja kupiga picha kwenye ngazi, na kwa kuwa jumba halina chumba cha kubadilishia nguo, wapambaji huwapeleka chumba cha nyuma. Aliwahi kufika na kundi la wageni akakuta mlango umefungwa kwa ndani, gauni zimetundikwa kwenye vyuma vya ukutani, na mpambaji anamfokea asubiri. Alisubiri uani, na kundi lake likapungukia humo humo uani.

Mambo yakawa hivyo hadi mkuu alipotangaza mpango mpya kikaoni. Kwa kuwa chumba cha nyuma hakivutii watu, kitageuzwa kuwa mgahawa mdogo wa kahawa. Habari za watumwa hazitapotea, alisema, zitaandikwa vizuri kwenye ubao na kuwekwa kwenye ujia.

"Ujia upi?" Mama Kengele anauliza hadi leo, kana kwamba kikao hakijafungwa. "Ule wa kwenda chooni! Watu wameishi humu, wamezaa humu, wamefia humu, leo wawe ubao wa kusoma ukisubiri zamu ya choo?"

Wafanyakazi wenzake walimshauri apoe. Mshahara ni uleule, ziara ziwe za watumwa au za vikombe. Alijaribu kupoa, anasema, ikashindikana, na sababu yake ni mama yake mzazi.

Mama yake ni mzee aliyekula chumvi nyingi. Alianza utumishi wa ndani akiwa msichana mdogo, akafua, akapika na kulea watoto wa nyumba za watu hadi magoti yalipomkatalia. Mwaka jana alitaka kuona mwanawe anafanya kazi gani hasa, maana kila siku anasikia malalamiko tu. Akaletwa. Akakaa juu ya lile jiwe na mkoba wake mapajani, mwanawe akaanza kusimulia.

Kengele ikalia.

Kabla mtu hajasema neno, bibi alikuwa ameshasimama. Mkoba chini, uso umeelekea mlangoni, mikono anaifuta kwenye kanga kana kwamba imelowa. Magoti yale yale mabovu! Wageni wengine walicheka kidogo wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Bibi akageuka polepole, akawaona, akamwona na mwanawe.

"Mwanangu," alisema, "mbona umenileta kazini?"

Akaokota mkoba wake akatoka. Tangu siku hiyo, ukimwomba arudi anajibu neno moja tu: atarudi siku kengele hiyo itakaponyamaza.

"Iliniuma," anasema Mama Kengele. "Bado inaniuma. Mimi nimesimulia miaka, mama yangu akasimama mara moja tu, akawa ameshaeleza kila kitu."

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo. Alimkalia kooni mkuu hadi mkuu akakubali, shingo upande, kumpa wiki ya majaribio. Ziara ianzie mlango wa nyuma. Wageni wakae chini. Kamba iachwe ivutwe, lakini kengele ikilia, kila aliye ndani ya chumba asimame hadi inyamaze. Mkuu alimwonya kwamba watu watalalamika na kwamba Jumamosi fundi wa mgahawa anakuja kupima chumba.

Jumamosi yenyewe ndiyo leo. Na leo, kana kwamba kuna mtu aliyemloga, ghorofani kuna harusi.

Wasimamizi wa bibi harusi wameigundua kamba. Chini, wageni wanasimama na kukaa, wanasimama na kukaa. Mara ya kwanza walicheka. Sasa hakuna anayecheka. Mama mmoja amevua viatu. Yule baba mnene ameacha kukaa kabisa, ameegemea ukuta na jasho linamtoka.

Katikati ya zoezi hilo mkuu anaingia na fundi. Fundi anachuchumaa pembeni na futi yake, anaanza kupima sakafu. Kengele inalia.

"Simama, fundi," anasema Mama Kengele.

"Mimi niko kazini, mama."

"Na wao walikuwa kazini. Simama. Na wewe mkuu, usiegemee mlango."

Mkuu anaacha kuegemea. Fundi anasimama na futi yake mkononi. Kengele inanyamaza, fundi anachuchumaa, kabla hajasoma namba kengele inalia. Anasimama. Inanyamaza. Anachuchumaa. Inalia.

"Aa, hapana!" fundi anapaza sauti. "Huyu anayevuta hana adabu! Mtu atafanya kazi saa ngapi?"

Baadaye Mama Kengele atakiri kwamba alikuwa na la kusema, tena refu, lakini aliona fundi ameshalimaliza.

Ni yule mama aliyevua viatu, mke wa baba mnene, anayevivaa na kutoka. Wanamsikia akipanda ngazi kwa kishindo, halafu sauti yake inawafikia: "Hebu iacheni hiyo kamba!"

"Lakini pameandikwa tuvute," inajibu sauti ya kike.

"Shukeni chini kwanza. Mkishatoka huko, kama bado mnataka, njooni mvute."

Wanashuka kweli, kwa ubishi, harusi nzima. Bibi harusi anakusanya gauni lake na kukaa juu ya jiwe kati ya watu asiowajua, bwana harusi anasimama nyuma ya fundi. Mpambaji anaingia macho yamemwiva kwa hasira, anaanza kusema habari za muda, anaona nyuso za watu, anatafuta pa kukaa.

Mama Kengele anaanza upya. Anaeleza watu walivyonunuliwa, walivyoletwa, walivyogawana lile jiwe kwa zamu. Anaeleza habari za waliozaliwa hapo na kuuzwa kabla hawajaota meno. Anafika pale ambapo kila siku hukatizwa, anasita, anaitazama kengele.

Haisemi kitu.

Anaendelea, lakini kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatafuta maneno. "Miaka yote sikuwa nimezoea kufika mwisho," anasema baadaye, akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. "Nilifika nikakuta sijui nimalizeje. Nikawaambia basi, hao ndio watu waliokuwa wakiishi hapa. Asanteni kwa kukaa."

Walipopanda ghorofani, hakuna aliyeigusa kamba. Yule baba mnene alisimama mbele yake kitambo, akiwa ametia mikono mfukoni, kisha akaenda kuitazama piano. Bibi harusi alipigwa picha zake kwenye ngazi, na hakuna aliyemlazimisha kutabasamu.

Mkuu anasema wataangalia. Mama Kengele anaposikia neno hilo anaangusha mabega yote mawili. Lakini fundi, akiondoka, alisema mbele ya watu kwamba chumba kile yeye hakitobolei bomba la kahawa, watafute mwingine. Jumatatu ziara itaanzia tena mlango wa nyuma, na hilo mkuu amelitamka mwenyewe. Kilichobaki, Mama Kengele anataka kile kibao cha "Tafadhali vuta" kishushwe kutoka kando ya kitanda na kutundikwa chini ya kengele, ili kila mtu akisome akiwa upande ule mwingine wa waya.

Jioni, akifunga madirisha ya ghorofani, anampigia simu mama yake.

"Mama, leo ilinyamaza."

"Nani kaikata?"

"Hakuna aliyeikata. Walishuka wakasikiliza, halafu hawakuvuta tu."

Bibi anauliza kama Jumatatu kuna watu wengi.

"Njoo tu, mama. Nataka ukae mpaka nimalize."

"Basi niwekee mto," bibi anasema. "Jiwe lile lina baridi."