Mabua Makavu ya Mama Iteka

Kuna watu hapa Doonside, kitongoji cha Sydney, wanaomwita Mama Iteka mchoyo. Nimewasikia, na baadhi yao wamekula mboga zake bure. Kwa hiyo nitasema lililotokea.

Dévote, mama yake Iteka, ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wasiojiweza. Mwaka wake wa kwanza Sydney alipanda maharage Machi, kama kambini. Asubuhi moja ya Juni nyasi ziliamka nyeupe kwa barafu, na maharage yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Hakulia, alijifunza. Tangu hapo, baridi ikikaribia hupanda vitunguu, kabichi na sukuma, hutandaza majani makavu juu ya udongo, na lengalenga, mchicha wa kwao, huisubirisha hadi Oktoba. Mmea wa lengalenga uliostahimili baridi kuliko mingine haugusi. Huuacha ukauke umesimama, uwe wa mbegu. Kufikia 2020 alikuwa amefanya hivyo miaka saba.

Machi 2020, rafu za maduka zilipobaki tupu na kanisa likafungwa, Dévote alianza kuweka mafungu ya lengalenga milangoni mwa watu. Njenga, Mkenya aliyekuwa amepoteza kazi ya ofisini, alipata fungu kila Jumamosi. Aliiita terere, akasema hajala tamu hivyo tangu atoke kwa mama yake.

Juni, Njenga akapata kibarua cha kukata nyasi kwa ajenti wa nyumba anayopanga Dévote. Ukaguzi wa nyumba ulikuwa unakaribia. Dévote alimpigia simu mapema.

“Kaka, kata nyasi zote. Mabua yaliyo nyuma uyaache, ni mbegu.”

“Sawa, Mama Iteka.”

Siku ya kazi, Dévote alirudi alasiri akakuta yadi imenyolewa. Mabua yalikuwa ndani ya pipa la taka za kijani, yamekatwakatwa, yamechanganyika na nyasi mbichi. Njenga alikuwa akifunga mashine kwenye trela. Mimi nakaa ng’ambo ya barabara, nilivuka.

“Nilikwambia nini?” Dévote aliuliza.

“Ajenti anataka picha za yadi safi. Yale mabua yanaonekana takataka.”

“Aprili yalikuwa terere. Leo takataka?”

“Mama Iteka, kazi ni kazi. Nina watoto.”

“Wangu niliwaokota?”

Njenga akacheka kidogo, kisha akaacha. “Basi nitakununulia mbegu. Pakiti nzima.”

“Duka gani linauza miaka saba?”

Akatazama simu. Alikuwa na yadi nyingine ya kukata, mtaa wa Quakers Hill. Akaondoka.

Kazi ni kazi. Maneno haya yamenichosha. Ajenti hakujua lengalenga ni nini, yeye ningemsamehe. Njenga alijua. Alikuwa ameila, ameisifu, ameombwa kwa adabu asiiguse, akaitikia. Mtu anayejificha nyuma ya agizo la bosi ili avunje neno lake mwenyewe hana kazi, ana kisingizio.

Gari la taka lingelimwaga pipa kesho yake alfajiri. Tulilimwaga juu ya shuka, Dévote na mimi, tumevaa barakoa, kila mmoja upande wake. Tukapekua vichwa vya mabua kimoja kimoja, tukavisugua viganjani, akapeta kwa sinia. Mbegu nyingi zilikuwa zimeloa na kusagika. Oktoba ikaota miche tisa.

Mwaka ule hakuna aliyekula lengalenga, hata Dévote mwenyewe. Yote tisa aliiacha ikomae. Watu walikuja na mifuko yao, Njenga akiwa miongoni mwao, wakaondoka mikono mitupu wakinung’unika. Ndipo jina la mchoyo lilipozaliwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Njenga alijua kwa nini, akanyamaza.

Mei iliyofuata ajenti alituma tena ujumbe wa ukaguzi. Dévote aliomba ruhusa kazini. Alibeba kiti, akakaa mbele ya mabua yake tisa akiwa na koti na kikombe cha chai. Njenga alipoingia na mashine, alimsalimu mara mbili.

“Kata nyasi,” Dévote alisema mwishowe. “Mwisho wako ni hapa ilipo miguu ya kiti.”

Njenga alikata mpaka kwenye miguu ya kiti, akazima mashine, akageuza.