Aliyenipa Kipimo cha Mhimili wa Tatu

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika karakana moja ya Chang'ombe, Dodoma, na sikuwa mgonjwa wala sikuwa na usingizi. Najua utaniuliza kama nilikuwa nimekaa na njaa. Nilikuwa nimekula. Sasa sikiliza.

Ilikuwa miaka ile ambayo mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa moja moja. Mzee Sefu, mfanyabiashara wa ukoo wa zamani wa pale mjini, alinunua mashine ya kuchonga chuma kutoka kiwanda kilichofungwa. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, chuma kizito cha kijani. Ila ubongo wake, kabati la umeme lililokuwa likisoma mkanda wa karatasi wenye matundu, ulikuwa umekufa. Mimi nilikuwa natengeneza kompyuta Makole, mtaa mwingine wa mji huo, nikasifiwa kwake kwamba huyu binti anaijua Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Akaniita.

Kazi yenyewe nitakueleza kwa ufupi, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Kompyuta ya kawaida hufanya mambo kwa nafasi yake. Ikichelewa kidogo hakuna anayejali. Lakini kompyuta inayoendesha mashine lazima itume amri kwa mota kwa wakati uleule uliopangwa, isichelewe hata kufumba na kufumbua. Kwa hiyo unaweka Linux yenye kiini maalumu cha wakati halisi, kisha unaijaribu. Kioo cha kompyuta kinakuonyesha namba moja, ucheleweshaji mkubwa kuliko wote uliotokea. Namba ikikaa ndogo, una kompyuta. Ikiruka, una hatari.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Mzee Sefu alikwenda msikitini. Fundi Ndahani, Mgogo wa makamo aliyekuja na mashine ile kutoka kiwandani kwa sababu ndiye pekee aliyeijua, alikwenda kula. Nikafunga lango kwa komeo kwa ndani, nikarudi kwenye kioo. Namba ilikuwa imetulia tangu asubuhi.

Ikaruka.

Nikainua macho, nikaona mtu amesimama karibu na mashine. Mrefu, ovaroli ya buluu, mkono wa kulia mfukoni. Nilidhani ni mteja. Nikamwambia, "Shikamoo."

Wewe umeshawahi kumwamkia mtu mzima wa Dodoma asiitikie? Hakusema marahaba. Alisema tu, "Unaiwekea nini?"

"Programu ya kuiendesha," nikajibu. "Umetumwa na Mzee Sefu?"

"Nilikuwa naiendesha mimi."

Nitakwambia ukweli, nilimshuku papo hapo, lakini si kwa jambo la mizimu. Nilidhani ni mtu wa karakana nyingine aliyekuja kuiba ujuzi, au kuharibu. Upepo wa siku ile ulikuwa unatimua vumbi jekundu hadi ndani ya meno, na ovaroli yake haikuwa na hata chembe. Nikajiuliza, huyu ametokea wapi? Nikamwomba asogee nje kidogo, eti nahitaji mwanga. Akasogea hadi langoni. Nikaanza jaribio upya, namba ikakaa chini. Akarudi, ikaruka. Nikafanya hivyo mara mbili. Nikasema moyoni, ana redio au simu mfukoni inayovuruga kompyuta, ndiyo maana hautoi ule mkono.

Akaniuliza kama nimeshapata vipimo vya skrubu. Hapo alinigusa penyewe. Kila mhimili wa mashine, yaani kila mwelekeo inakosogea, husukumwa na skrubu ndefu, na programu lazima iambiwe skrubu ikizunguka mara moja, meza inakwenda milimita ngapi. Kibao chenye maelezo kilikuwa kimeng'olewa.

"Wa kwanza tano," akasema. "Wa pili tano."

Nikachukua vernia, kile kipimo cha mafundi, nikapima mbele yake. Tano. Na wa pili, tano.

"Wa tatu, huu wa kupanda na kushuka, nao tano. Huo una kifuniko, usijisumbue kuufungua."

Nikaandika tano. Nikageuka kumuuliza jina lake, nikakuta naongea na ukuta.

Nilidhani ametoka. Muda mfupi baadaye lango likagongwa, alikuwa Ndahani. Nikaenda kufungua, na mkono wangu ulipoligusa komeo ndipo nilipokumbuka kwamba nililifunga mimi na bado lilikuwa limefungwa.   Nilijiambia kuna mlango wa nyuma. Hakukuwa na mlango wa nyuma.

Ndahani alifurahi kusikia tuko tayari kujaribu mhimili wa kushuka. Akaweka kipande cha mbao mezani, akakishika kwa mkono wake wa kulia chini ya kisu, kama walivyozoea kiwandani. Nilikuwa nimeamuru kisu kishuke, kisimame kabla ya kugusa mbao. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni ile "usijisumbue". Mtu anayekutakia mema hakuzuii kupima.

"Mzee Ndahani, toa mkono kwanza."

"Piga tu, binti. Kinasimama juu."

"Toa. Nifunge mbao kwa jiriwa."

Akanung'unika, akatoa. Nikafunga, nikabonyeza.

Kisu hakikusimama. Kilishuka mara mbili ya nilivyokiagiza, kikapasua mbao, kikaingia kwenye meza ya chuma kwa mlio ambao sitaki kuukumbuka. Nikakata umeme.

Ndahani alikuwa anautazama mkono wake. "Nani alikupa kipimo cha huo?"

Nikamweleza. Urefu, ovaroli, sauti. Akaniuliza jambo moja tu, "Mkono wa kulia aliuweka wapi?"

"Mfukoni."

Akakaa chini, sakafuni, kwenye vumbi. 

"Anaitwa Elia," akasema. "Alikuwa mwendeshaji, mimi nikitoboa mikanda. Mhimili wa tatu ni kumi, si tano. Mimi nilidhani yote mitatu inalingana. Nikauandikia tano. Kisu kikamshukia mkono wa kulia, akafia njiani tukimpeleka hospitali. Wakubwa wa kiwanda walipouliza, nilikuwa nimeshauchoma ule mkanda. Nikasema alikuwa mzembe. Akazikwa na jina hilo."

Tulifungua kifuniko, tukapima pamoja. Kumi.

Ndahani hakurudi kazini. Jumapili alinifuata Makole akaniomba nimsindikize Kongwa, kwa mjane wa Elia, maana peke yake asingeweza. Tulimkuta anapepeta uwele. Alimsikiliza Ndahani hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha hakumjibu yeye, alinigeukia mimi.

"Kwa nini amekuja kwako, binti, asije kwangu?"

  Hadi leo sijui Elia alitaka nini: kumkata Ndahani mkono, au kumfungua mdomo. Watu wamenipa majibu yote mawili. Ninachojua ni kwamba alitaka kunitumia mimi, na bado namwogopa kwa hilo.

Mashine ilifanya kazi miaka mingi. Mzee Sefu alichonga vipuri vya mashine za kusaga mkoa mzima. Mimi nilikamilisha kazi yake, ila sikubaki peke yangu mle ndani tena, hata kwa dakika tano.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenunua mitambo ya viwanda vilivyofungwa. Usikague chuma tu. Kabla hujaiwasha, tafuta aliyefanya nayo kazi, umuulize nani aliiendesha kabla yako, na aliiachaje. Akisita kukujibu, iache hapo hapo ilipo.