Kasha la Muzungu na Diski ya Muzee Wangu

Majina ya watu wote nitakaowasimulia hapa ninayajua. Ninajua jina la muzungu na jina la mama yake, ninajua jina la kijana aliyetusukumia chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, siku ya volkano. Sitaandika hata moja. Kwetu huku jina la mutu limetosha kumupitisha kwenye kizuizi au kumubakiza, na wengine katika hawa bado wanatembea. Wasomaji munisamehe na kwa maandishi pia: shule niliiacha pale masista walipoanza kutufundisha kugawanya, baba akaniita nikachume kahawa.

Kazi yangu ilikuwa diski, zile santuri nyeusi za zamani. Muzee wangu, baba wa watoto wangu, alikuwa mupiga gitaa. Tulitoka Butembo tukakaa Majengo, hapa Goma, yeye na fono yake ya kupigia diski, mimi na mimba. Alipokufa aliniachia fono, ukuta muzima wa diski, na watoto. Nikafungua meza sokoni. Nilinunua kwa watu waliohama, nikauza kwa watu waliofika, na Goma haijakosa hao wala hao. Mutu akihama, kitu cha kwanza anachouza ni muziki, sababu ni muzito na hauliwi. Mutu akifika, akishapata paa na chumvi, anaanza kuulizia wimbo wa kwao.

Vumbi letu la volkano linakula diski kama musasa. Kwa hiyo kila diski niliishonea mufuko wa kitenge. Makaratasi ya nje, yale yenye picha, niliyavua na kuyalaza chini ya godoro yasikunjane. Muziki uko ndani ya diski, hauko kwenye karatasi. Ndivyo tulivyokuwa tunasema.

Diski nzuri watu hawakuzinunua. Walikuja kuazima, moja ya arusi, moja ya kuondoa matanga. Na sisi wauza diski tulikuwa na sheria: hakuna kuazima bila rehani. Unachukua diski yangu, unaacha kitu unachokipenda. Huyu anaacha sufuria, huyu redio, huyu koti la marehemu baba yake. Na rehani haitumiwi. Katika sufuria ya mutu singechemusha hata maji. Ukiitumia, umeshaifanya yako, na yeye ana haki ya kuifanya diski yako yake. Siku ya kurudishana, ni mukono kwa mukono: anatoa, unatoa, kwa wakati mumoja, munaachia pamoja.

Diski moja sikuiuza kamwe. Muzee wangu aliwahi kupanda lori la kahawa la mufanyabiashara wa Butembo, akafika Nairobi, akarekodi wimbo wake mumoja. Alirudi na diski chache, akazigawa kama mutu anayegawa ndizi, ikabaki moja. Mwisho wa upande wa pili kidole kinakosea waya, na anacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Picha zake zote zimeungua. Kicheko kile ndiyo sauti yake iliyobaki duniani.

Mwaka ule wakimbizi wa ng'ambo walipovuka mupaka kwa wingi, barabara ya Kibumba ilijaa mikeka na moshi, na muji ukajaa wazungu wenye magari. Mumoja alikuwa kijana anayeendesha lori la maji. Kichwa amenyoa upande mumoja, mikono imechorwa mpaka vidoleni. Mama wauza ndizi walimuita Ukuta wa Baa. Kwao alikuwa na wenzake wa kupiga muziki. Walitengeneza diski zao wenyewe, ndogo, na zile ambazo hazikununuliwa alizipakia kwenye kasha akaja nazo, akidhani kila mahali kuna vijana wa kuzinunua.

Aliniwekea moja kwenye fono, pale pale sokoni. Mungu wangu! Watu wanapiga kelele kama nyumba inawaka, ngoma inakimbia kama imeiba kitu. Ikaisha kabla sijamaliza kufunga kilemba.

"Mama, jenereta yako imekufa?" muuza mumoja wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, akauliza.

"Ni wimbo," nikasema.

"Wimbo wa nani? Wa mutu aliyejigonga kidole na nyundo?"

Kijana akacheka kuliko wote. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota: "Mama, huu ni muziki ya watu hawawezi kukaa."

Siku nyingine akasikia diski ya muzee wangu. Akasimama katikati ya soko na mufuko wa viazi mukononi mpaka wimbo ukaisha. Akaomba aiazime siku mbili aiweke kwenye kaseti. Nikamuonyesha mukono mutupu.

"Weka rehani."

"Nina koti, mama."

"Koti unalipenda?"

Akafikiri. Jioni akarudi na kasha zima begani. Nikaona kwamba huyu amenielewa. Nikamupa muzee wangu ndani ya kitenge cha bluu.

Kesho yake kukawa na masasi, milio ya risasi, upande wa kambi ya wakimbizi, na wazungu wakapakiwa kwenye ndege kama mifuko ya maharage. Hakupewa nafasi ya kupita sokoni. Nilienda kwenye nyumba yao, nikakuta mulinzi peke yake anakula sardini zao.

"Wamekwenda, mama. Wamesema watarudi."

Kuanzia siku hiyo miguu yangu haikukaa. Vita viliingia, vikatoka, vikaingia kwa jina lingine. Kila mara nilifunga muzigo: sufuria, blanketi, fono, kasha. Diski zangu mwenyewe niliziuza, nyingine niliziacha nyuma ya mulango. Kasha sikuliacha. Binti yangu alikasirika.

"Mama, tunakimbia na mavyombo ya muzungu wakati blanketi hatuna?"

"Si vyombo vyake. Ni baba yako yuko mule."

"Baba hayumo mule."

"Nikilipoteza hili, naye atakuwa na haki ya kumupoteza baba yako."

Alinipa mugongo njia nzima mpaka muji wa Sake. Lakini muzigo ukimuchosha shingo, nilimuona analiweka kasha chini polepole, kama mutoto aliyelala.

Siku ya volkano moto ulishuka barabarani kama uji. Kijana mumoja wa jirani alilifunga kasha kwenye chukudu yake juu ya mapaja ya bibi yake muzaa mama, naye bibi akalikumbatia mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, huku akituuliza ni mayai ya aina gani haya mazito. Nyumba yetu ya Majengo ililiwa, na godoro, na makaratasi yote chini ya godoro, na yale ya kasha pia. Kwenye barrière ya mupaka muduane, mutu wa forodha, akafungua kasha.

"Hizi ni nini?"

"Diski."

"Zinaimba nini?"

"Sijui, baba. Si zangu."

Akaangalia nyuma yangu, mbingu imekuwa nyekundu, akasema pita.

Miaka ikaenda. Nikajenga tena juu ya lava iliyopoa, mbao juu ya jiwe. Kuuza diski nikaacha, watu wana simu. Lakini mufuko wangu wa kukimbilia ulikaa karibu na mulango, na kasha kando yake, na kila nilipofagia nililisogeza, nikalirudisha. Mulangoni nikisikia gari geni, nilitoka kuangalia. Siwezi kusema nilikuwa ninangoja. Kungoja unakaa.

Ndipo akafika papa mumoja, baba wa heshima kutoka Bukavu, mufanyabiashara wa vitu vya zamani. Anazunguka Kivu nzima kununua rumba za wakati wetu na kuziuza Ulaya. Nikamuambia rumba zimekwisha. Jicho lake likaenda kwenye kasha.

"Na lile?"

"Lile ni rehani."

"Niangalie tu, mama. Macho hayanunui."

Akafungua mufuko wa kitenge mumoja, akasoma katikati ya diski, akapiga picha kwa simu, akaandika, akangoja. Halafu akakaa chini kwenye sakafu na suruali yake nyeupe.

"Mama. Munajua hii ni nini? Walitengeneza chache sana. Kuna watu wanaitafuta dunia nzima. Wanasema zilizobaki hakuna mutu anajua zilienda wapi."

"Zilienda Majengo."

"Na makaratasi yake ya nje? Wapi?"

"Volkano."

Akashika kichwa kwa mikono miwili, kama mutu aliyepewa habari ya kifo. Kwa wanunuzi wake, akanieleza, karatasi ni nusu ya diski. Hata hivyo akataja bei, bei ya kuezeka nyumba yangu yote bati jipya na kubakiza. Binti yangu, aliyekuwa anachambua mboga, akaacha kuchambua.

"Siuzi," nikasema. "Mwenyewe ana diski yangu."

"Huyo muzungu ameshakufa, mama! Ama ameshasahau!"

"Mutafute basi. Akiwa amekufa, nionyeshe kaburi, tutaongea."

Nilisema hivyo ili aondoke. Lakini mufanyabiashara ni mufanyabiashara. Aliandikia wale watu wake wa Ulaya, mumoja akajua wa pili, na asubuhi moja akarudi mbio, simu mbele kama anabeba kaa la moto. Katika kioo cha simu muzungu wangu, amekuwa muzee, kichwa chote kipara sasa, hakuna upande wa kunyoa. Mikono tu ilikuwa ile ile, imechorwa, imekunjamana.

"Mama," akasema. "Jambo, mama. Niliambiwa Majengo iliungua yote."

"Mimi sikuungua. Iko wapi?"

Akaondoka kwenye kioo, tukaona dari yao. Akarudi na kitenge cha bluu. Nilishika ukuta.

"Watu walitaka kununua," akasema. "Nilikataa. Nilisema ni ya mama, yeye iko na rehani yangu."

"Makaratasi yako yameungua."

Akacheka mpaka akakohoa. "Tulibandika jikoni kwa mama yangu, na gundi ya unga! Achana na ile. Mama, diski yako, niliipiga kila Jumapili. Ni vibaya?"

Nikahesabu ndani ya kichwa Jumapili za miaka hiyo yote, sindano na vumbi. Uliazima ili kupiga, nikamuambia, si vibaya. Lakini usiku sikulala kwa kufikiria kile kicheko. Kiko mwisho kabisa wa diski, pale ambapo sindano inachimba zaidi.

Walipanga hivi: papa wa Bukavu, aliyekuwa anasafiri kwenda huko na biashara yake, atairudisha diski yangu kwa mukono wake na kumupelekea yule muzungu kasha. Naye muzungu atamuuzia diski mbili tatu kwa shukrani. Papa akataka aondoke na kasha siku hiyo hiyo.

"Mukono kwa mukono," nikasema.

"Mama, ni safari mbili!"

"Utazoea."

Akiwa huko Ulaya, vita vikarudi karibu. Watu wa Kanyaruchinya wakashuka na magodoro kichwani, ndege zikaacha kutua. Binti yangu akafunga mizigo, akasema tuvuke leo. Mimi nikasema tuvuke siku papa atakapofika Gisenyi kutoka Kigali, si kabla. Tuligombana siku nzima. Nilijua anasema kweli. Nilizunguka uani, nikaingia, nikatoka, nikagusa kasha, nikagusa mulango. Papa akapiga simu: niko upande huu, wanataka kufunga, kimbieni.

Barrière ndogo ilijaa. Nilitanguliza kasha kichwani kwangu mwenyewe, shingo ya uzee, watu wakanisukuma. Nikamuona papa ng'ambo ya kamba, jasho linamutoka, mukono umeingia ndani ya shati.

"Lete kasha, mama, haraka!"

"Toa kwanza mukono kwenye shati."

"Mama, wanafunga!"

"Pamoja, papa. Mukono kwa mukono."

Muduane akapiga kelele tuondoke njiani. Papa akatoa kitenge cha bluu, akakinyosha juu ya kamba. Mimi nikanyosha kasha. Tulishikana hivyo, kila mutu ameshika viwili, halafu tukaachia. Mabega yangu yakapanda yenyewe, mepesi, kama yatapaa.

Papa akafungua kasha, akatoa diski moja, akanirudishia. "Mwenyewe amesema hii ubaki nayo. Si rehani. Ni zawadi."

Siku ile hatukuvuka. Walifunga tulipokuwa tunageuka kuchukua mizigo. Tulirudi nyumbani na mizigo yetu, binti yangu mbele, na batri ya gari ya jirani nikaiomba kwa ajili ya fono.

Nikapiga upande wa pili wa muzee wangu. Gitaa limechakaa, linatoka kama mutu anaongea nyuma ya mvua. Nikainama karibu na mwisho. Kidole kikakosea waya. Mukwaruzo, mukwaruzo, halafu puani, kifupi, akacheka. Binti yangu akaja na kisu cha mboga mukononi. Alikuwa mudogo sana baba yake alipokufa.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Rudisha tena."

Tulirudisha mpaka batri ikaanza kulegea. Kisha, kabla haijaisha, nikaweka ile ya muzungu, sababu sasa ni yangu na ninaweza kuitumia. Ikatoka mbio vile vile, inapiga kelele, haitaki kukaa. Safari hii nilikaa chini nikaisikiliza, viatu miguuni, mufuko mulangoni. Nikajikuta ninagonga kidole kwenye goti.

Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha jirani, macho makubwa.

"Mama! Ni masasi hayo?"

"Hapana, ni muziki."

"Basi punguza, muke wangu ameshabeba mutoto mugongoni!"

Nikapunguza kidogo. Ilipoisha, nikaigeuza upande wa pili.