Nani Aliyetengeneza Kitanda cha Mama

Siku ya kumzika mama yao, kaka mtu alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba kitanda alichofia mama alikitengeneza yeye, kwa mikono yake. Alisema uongo. Kitanda kile kilitengenezwa na dada yake, uani, kwa msumeno usio na mpini. Huo ndio uovu wenyewe, na haufai kupakwa mafuta.

Dada huyo majirani walimwita Bi Maranda, na jina lenyewe halikuwa la heshima. Alikuwa akienda dukani na yale makapi ya ubao yanayotoka kwenye randa yamejisokota kwenye nywele zake, naye hana habari.

"Bi Maranda, leo umesuka mtindo gani?" muuza mkaa humuuliza.

"Mtindo wa wenye kazi. Wewe endelea kujipaka masizi."

Baba yao alikuwa seremala. Mtoto wa kiume alifundishwa; wa kike alishika ncha ya pili ya ubao. Alishika ncha ya pili, akafagia, akachota maji, na alipothubutu kuinua patasi baba alimwambia, "Weka chini. Ukijikata vidole nani atakuoa?" Aliolewa na vidole vyake vyote, na ndoa ikamshinda vilevile, akarudi nyumbani kumwangalia mama. Baba alipofariki, kaka alipakia vifaa vyote kwenye mkokoteni, hata kipande cha msasa kilichokwisha makali. Alichoacha ni randa ndogo yenye kutu, msumeno uliovunjika mpini, na patasi butu iliyokuwa ikitumika kufungulia makopo ya rangi. Vikalala stoo.

Kisha mama akapooza miguu. Kitanda chake cha chuma kilikuwa juu mno, na kila alipotaka kukaa kitini ilibidi abebwe. Hilo lilimuuma kuliko maradhi. "Nimelea watu wazima mimi," alisema akiwa amegeukia ukutani, "leo nabebwa kama furushi la nguo chafu." Binti akampelekea kaka ujumbe: njoo umtengenezee mama kitanda cha chini, chenye mahali pa kushika, aweze kuhama mwenyewe. Kaka akajibu kuwa anakuja kesho. Kesho ya kaka ilikuwa kesho isiyokucha.

Basi Bi Maranda akaingia stoo. Akaufunga msumeno kwa matambara mahali pa mpini, akainoa patasi kwenye jiwe la kufulia, akaanza na kigoda ili mkono uzoee. Misumari yote aliipigilia kwenye mstari mmoja, ubao ukapasuka kama muwa. Kigoda cha pili kilisimama, angalau kwa macho. Shangazi, dada wa baba, ambaye aliishi nao na kutwa alikaa uani akichambua mboga, ndiye aliyekijaribu. Kilimwangusha chali.

"Mwanangu," alisema akiwa bado chini, "kama unataka kunirithi sema tu. Usinivizie kwa kigoda."

Wakacheka. Mama aliyewasikia kutoka chumbani naye akacheka, na kicheko hicho kilikuwa kimepotea nyumbani kwa muda mrefu.

Kitanda kilimtesa zaidi. Bi Maranda hakuwahi kuketi darasani. Namba za tepu ya kupimia kwake zilikuwa njia ya sisimizi tu. Alipima kwa kamba ya pamba, akipiga fundo kila kipimo: fundo la matendegu, ile miguu ya kitanda, fundo la mifumbati ile mirefu ya ubavuni, fundo la chaga. Mama aliketishwa kitini, kamba ikapimwa kutoka sakafuni hadi chini ya goti lake, ili kitanda na kiti vilingane. Akakata matendegu mawili, jioni ikaingia, akaitundika kamba kwenye waya wa nguo. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi akakata mengine mawili kwa kamba ileile.

Alipoviunganisha, kitanda kiliinama kama paa. Akalaumu macho yake, akalaumu msumeno, akahamisha kitanda uani kote akilaumu ardhi. Mwisho alishika kamba, akaisimamisha kando ya tendegu la kwanza. Fundo halikufika. Kamba ilikuwa imekunywa mvua ikafupika, na yeye akakata mbao nzuri kwa kipimo cha kamba iliyolowa. Kupunguza yale marefu asingeweza, maana goti la mama halikupungua. Akaketi juu ya ndoo, akalia kidogo, halafu akaenda kutafuta mbao nyingine.

Tangu siku hiyo hakupima tena kwa kamba. Alichonga fito zilizonyooka, kila kipimo na ufito wake, akaziunguza alama kwa msumari wa moto, akazitundika stoo. Hata leo ndivyo afanyavyo kazi.

Bado mbao zilimchezea. Zile mpya zilikuwa mbichi, naye hakujua. Ulimi wa ubao uliingia kwenye tundu la tendegu ukakaza vizuri, lakini ubao ulipokauka ukasinyaa, kitanda kikaanza kuchezacheza kama jino la mzee. Akakifungua chote. Mbao akazilaza chini ya paa la jiko, zimepangwa kwa nafasi upepo upite, akawa anazigeuza kila alipokumbuka, mpaka zilipokuwa nyepesi mkononi na zikigongwa zinalia. Hapo ndipo alipochonga upya. Mhimili wa kushikia upande wa kushoto aliuweka chini kuliko wa kulia, kwa kuwa bega la kushoto la mama halikunyanyuka vizuri. Alimwambia mama afumbe macho anyooshe mkono, na pale mkono ulipotua ndipo alipotoboa.

Siku ya kukilalia, mama alishika mhimili, akavuta pumzi, akajisogeza taratibu hadi kitini. Hakuna aliyemgusa. Akajifuta uso kwa upindo wa nguo. Kisha akasema, "Leteni hizo mboga. Mnazichambua vibaya."

Kaka alikuja baadaye kusalimia. Alikigonga kitanda, akachungulia chini ya chaga. "Nani kafanya?"

"Dada yako," mama akajibu.

"Kumbe baba alipoteza muda kwangu," alisema kwa kicheko, akaomba chai. Kwa hiyo alijua. Asije mtu akasema hakujua.

Mama alikitumia kitanda kile mpaka mwisho wake. Siku ya mazishi watu walijaa, na kaka, kama mkubwa, akasimama kusema machache. "Mama yetu hakulala pabaya. Amefia juu ya kitanda nilichomtengenezea mwenyewe." Watu wakaitikia kwa sauti ya huruma. Mzee mmoja akamshika bega, akasema huyo ndiye mtoto. Bi Maranda alikuwa amebeba sinia la vikombe. Alimtazama shangazi. Shangazi, aliyeona kila ubao ukikatwa, akatazama vidole vyake mwenyewe.

Bi Maranda alimfuata kaka nyuma ya jiko. "Kaka, kwa nini umesema vile?"

"Mdogo wangu, ilinitoka. Unataka waseme mtoto wa kiume wa seremala hakumfanyia mama kitu?"

"Hukumfanyia."

"Basi nitasema siku nyingine. Usinivunjie heshima msibani."

Shangazi, aliyewafuata, akaingilia: "Mwanangu, meza tu. Msiba si mahali pa kubishana." Bi Maranda akameza.

Siku nyingine zilipita, wakakutana watu walewale, kaka akala, akashiba, akaondoka bila kusema. Halafu akaja siku moja na uso wa kuomba. Yule mzee aliyemshika bega msibani, mkewe alikuwa ameanguka na hawezi kusimama. Anataka kitanda kama kile cha mama.

"Nimejaribu," kaka alisema, "ule mhimili unanisumbua. Kwa nini mmoja uko chini? Nifanyie wewe, nitakuja kukichukua. Na wewe utapata chako."

"Nitakitengeneza. Lakini mzee aje mwenyewe, nimpime mkewe, na wewe umwambie kitanda cha mama ni kazi ya nani."

"Unataka kuniumbua."

"Nataka useme kweli. Kuumbuka umejitafutia."

Kaka akaondoka bila kuaga, na mke wa mzee alibebwa wiki nyingi kama furushi. Mwishowe Bi Maranda alichukua fito zake akaenda mwenyewe kumpima. Mzee alimpokea vizuri. "Kaka yako kakutuma? Ana bahati ya kuwa na msaidizi." Bi Maranda alimweleza ukweli, naye mzee akatabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto. Kitanda alikitengeneza hata hivyo, maana mgonjwa hana kosa, na kule wanakiita kitanda cha kaka yake.

Kaka anadaiwa mpaka leo. Anadaiwa kusimama mbele ya waliokuwepo mazishini, yule mzee akiwemo, aseme: kitanda cha mama alikitengeneza dada yangu. Na shangazi, ambaye bado anachambua mboga uani, anadaiwa kusema kwamba aliona.