Dereva Anayetuchagulia Mlima

Dereva wa basi la kanisa letu, hapa East Side ya mji wa Buffalo, Marekani, ndiye anayetuchagulia mlima wa kwenda kuteleza kwa skii kila theluji inapoanguka. Hasomi matangazo ya hali ya hewa. Ibada ikiisha, husimama chini ya ngazi za kanisa, zikiwa na barafu, akatazama magoti yetu tunavyoshuka. "Kanyana, wewe unashuka kama mtu mwenye anabeba mtoto mwenye analala," humwambia mwenzetu kwa sauti yake ya chini. "Bon, sawa, tunaenda kwa mlima mdogo." Na tunakwenda mdogo.

Mwaka huu tulimsumbua mpaka akatupeleka mkubwa. Viti vinavyoning'inia kwenye waya vilitufikisha kileleni, tukachungulia chini, na hakuna aliyethubutu kusogea. Kanyana alinishika mkono mpaka ukaniuma. Dereva hakutulaumu. Alizilaza fimbo zake za skii mabegani, nyuma ya shingo, akaning'iniza mikono juu yake kama wachungaji wa ng'ombe wa kwao Minembwe, Kongo, akaondoka. Hakushuka moja kwa moja. Aliukata mlima kwa upande, akageuka, akaukata tena, taratibu, kama anayefuata ng'ombe waliokwisha kushiba. Theluji haikutoa hata sauti. "Yesu wangu," nilisema.

Alipofika chini aligeuka, akatutazama, akapiga mluzi mrefu wa kuita mifugo. Kanyana akauachia mkono wangu. Akashuka juu ya alama za skii za dereva, polepole, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, na mtoto hakuamka.