Chaja ya gari la umeme Bertrams: ampea kumi na nane zilizotufanya tutaje hita tulizoficha

Wakuu, habari za jioni.

Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Joburg, sijatia chumvi. Waliohusika nawataja kwa majina. Atakayenuna ana namba yangu.

Mimi mtu wa Tanga, umri hamsini na mbili, shule niliishia la saba na hesabu nilikuwa nachungulia kwa jirani. Mainjinia wa humu mtanivumilia nikieleza kimtaani.

Mjue kwanza kitu kimoja. Mimi umeme ulishanila. Nilipokuwa na spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, jirani yangu Chacha alipitisha waya wa wizi juu ya bati langu. Waya ukachubuka, moto ukaja. Nilitoka na roho yangu na mkono wa kushoto ulioiva kama muhogo wa kuchoma. Duka likabaki majivu. Chacha hakuja hata kusema pole.

Nimemtaja. Tuendelee.

Sasa hivi napanga chumba Bertrams, nyumba ya zamani, matofali mekundu, bati linalia upepo ukipita. Mwenye nyumba ni Mama Bahati, mama wa Bukavu, fundi cherehani, mwanakwaya. Wapangaji tuko watatu. Kuna Da Espé wa Goma, msusi. Kuna Rama wa Unguja, mlinzi. Na mimi, nauza maandazi na sambusa kwa jumla kwenye spaza za Diepsloot. Ndiyo, kule kule nilikoungulia. Nitaenda wapi?

Sheria kubwa ya Mama Bahati: chumbani hakuna hita. Anapikia gesi, anataka na sisi tupikie gesi, baridi tuvumilie kwa blanketi. Joburg mwezi wa saba, wakuu, blanketi!

Basi kuna mzee mmoja nilikuwa namkatia nyasi. Alikuwa anahama nchi, akaniuzia kigari chake cha umeme kwa bei ya kuniheshimu. Kidogo, cheupe, betri imechoka kidogo lakini Bertrams hadi Diepsloot na kurudi kinafika. Hakuna petroli, hakuna oili. Nilikaa ndani nikacheka peke yangu.

Kasoro moja: chaja yake ilishapotea.

Hapo ndipo anapoingia Shebe.

Shebe ni Mtanzania mwenzetu, anauza kila kitu, anajiita fundi. Nikamwambia nataka chaja ndogo. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Kaka, ndogo ya nini? Ampea kumi hiyo chaja ya simu. Mwanaume anafunga thelathini na mbili. Unachomeka unakula, ukimaliza kula gari limejaa."

Nikanunua. Kosa la kwanza.

Akasema atafunga mwenyewe. Kosa la pili. Pale jikoni kulikuwa na waya wa jiko la zamani la umeme, halitumiki tena. Shebe akaunganisha palepale kwa waya mwembamba na solotepu nyeusi, akapiga makofi, akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi nikachaji kidogo, safi.

Jumapili asubuhi nikachomeka tena. Mama Bahati anapiga pasi sare ya kwaya. Da Espé anachemsha maji. Geyser inapasha maji ya kuoga. Mara tap! Nyumba nzima kimya. Breka kubwa imeanguka.

Mama Bahati akatoka na sare, mkono mmoja umenyooka, mwingine umekunjamana.

"Baba wa Tanga! Kwaya inaimba saa ine, miye niende na hii?"

"Samahani mama, ni gari."

"Basi sikia. Umeme ikianguka tena mara moja, moja tu, ile gari inatoka kwa kiwanja yangu. Na kama unaipenda sana, utatoka nayo."

Aliondoka hivyo hivyo, sare nusu pasi.

Wakuu, kama hujapanga Joburg huwezi kuelewa. Kupata nyumba yenye geti, yenye nafasi ya gari ndani, na mwenye nyumba asiyekuuliza unatoka nchi gani, si mchezo. Gari likilala barabarani Bertrams, asubuhi unakuta kioo tu. Na bila gari hakuna Diepsloot, hakuna maandazi. Kwa hiyo nilikuwa naning'inia hapo.

Da Espé akanipa namba ya Papa Gédéon, Mkongo wa Lubumbashi, fundi umeme mwenye leseni ya hapa, karatasi yake nimeiona kwa macho. Miwani kwenye kamba, viatu vimepigwa rangi kama anaenda harusini.

Akafungua unganisho la Shebe. Solotepu imeyeyuka. Waya ukiushika ni laini kama tambi.

Akaninyooshea. Harufu ile naijua. Mkono wangu wa kushoto uliijua kabla ya pua.

"Huyu mutu njo rafiki yako?"

"Alikuwa."

"Alitaka kukupika, papa."

Shebe, nimekutaja. Tuendelee.

Papa Gédéon akanieleza taratibu. Nyumba yetu breka kubwa ni ya ampea sitini. Hizo sitini ni za nyumba yote, si zako peke yako. Ukiweka chaja ya thelathini na mbili umechukua zaidi ya nusu, na unaichukua masaa mengi mfululizo, si kama birika la dakika tatu. Halafu akaniuliza natembea kilomita ngapi kwa siku.

Nikamwambia. Akapiga hesabu kwenye kiganja.

"Gari yako inalala masaa mangapi?"

"Usiku wote."

"Sasa haraka ya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo swali.

Akanishauri chaja ya kubebeka yenye kitufe cha kuchagua: nane, kumi, kumi na tatu, kumi na sita. Waya wake mpya mnene kutoka kwenye boksi, breka yake peke yake, na ile swichi inayokata umeme ukivuja. Lakini kabla hajachagua namba akataka orodha ya vitu vyote vya umeme ndani ya nyumba. Kila mtu ataje vyake.

Tukakaa sebuleni. Mama Bahati: friji, pasi, cherehani, taa. Da Espé: birika. Rama: chaja ya simu. Mimi: chaja ya simu, na redio.

Mngetuona mngesema tunaishi pangoni na Biblia na msahafu.

Ikatoka hivi: geyser kumi na tatu, birika tisa, pasi nane, friji na taa na vidude vingine nne. Jumla thelathini na nne. Papa Gédéon akasema sawa, kumi na sita inaingia na nafasi inabaki. Akafunga. Kazi safi, waya umenyooka kama mstari wa rula.

Siku ya nne ikaja baridi ile ya kukausha nguo zikiwa mbao. Asubuhi saa kumi na mbili gari bado linachaji.

Tap.

Nilikaa kitandani sijavaa hata soksi, nasikia kandambili za Mama Bahati zinakuja kwenye korido. Pah, pah, pah. Akasimama mlangoni.

"Nilisema mara ngapi?"

"Moja, mama."

"Na hii ni ya ngapi?"

Nikamwomba mpaka Jumamosi, fundi aje aangalie. Akasema Jumamosi, kisha nifunge mizigo.

Papa Gédéon alikuja amekasirika. Si kwa Mama Bahati. Kwa sisi.

"Ile karatasi ya kazi iko na jina yangu! Hesabu yangu iko juste, iko sawa. Bote muje hapa. Bote!"

Akatoa kidude kama koleo, anakibana kwenye waya mkubwa kinasoma ampea zinazopita. Mama Bahati akaketi kwenye kiti chake, mikono kifuani. Ilikuwa alasiri, baridi inakata.

"Zimeni kila kitu mulichoandika. Geyser, friji, taa, yote."

Tukazima. Nyumba ikawa kimya.

"Inapaswa isome zero," akasema. Akatugeuzia kidude.

Kumi na nane.

Rama anaangalia dari. Da Espé anaangalia kucha zake.

"Hii kumi na nane iko ya nani? Ya Roho Mtakatifu?"

Wakuu, hapa niseme ukweli niliowaahidi. Mimi, niliyeunguzwa na umeme wa wizi, ninayemlaani Chacha kila siku ya Mungu, nilikuwa na hita ya vyuma viwili chini ya kitanda. Nilikuwa naiwasha na kuweka taulo chini ya mlango ili mwanga usionekane. Muda ule ilikuwa inawaka, niliiacha ili nirudi kwenye joto.

Nilitaka ninyamaze. Ningetaja hita mbele ya Mama Bahati nimevunja sheria, natoka. Nisingetaja, gari linatoka. Lakini nikamwona yule mzee na karatasi yake yenye jina lake. Mimi nilimdanganya, yeye ndiye atakayeitwa fundi mbovu, na siku moja waya utayeyuka tena ukutani kwangu.

Nikasema, "Tano hapo ni zangu."

Nikaenda kuzima. Kidude kikashuka: kumi na tatu.

Mama Bahati akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Rama akakohoa.

"Na mie nnacho kidude cha kupashia miguu tu. Si hita khaswa."

Akaenda. Tisa.

Da Espé akaanza kucheka kwa woga. "Yangu kasiki ya kukaushia nywele, nnaitumia chumbani kwa wateja, lakini sasa haiko moto, nnaapa. Inakula ine."

"Sharp, sawa," akasema Papa Gédéon, anaandika. "Na hii tisa?"

Sisi watatu tunatazamana. Mimi nimeshataja, Rama ametaja, Espé ametaja.

Tisa iko pale pale.

Mama Bahati akanyanyuka. Hakumwangalia mtu. Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Tukasikia klik.

Sifuri.

Wakuu, hakuna aliyethubutu kucheka. Rama aliuma kola ya jaketi lake la ulinzi. Mlango ukafunguka, Mama Bahati akarudi akakaa, akanyoosha kitenge.

"Magoti yangu iko mugonjwa," akasema. "Daktari alisema joto."

Papa Gédéon akavua miwani, akaifuta, mabega yanatikisika. Halafu akashindwa. Alipocheka yeye tukacheka sote, na Mama Bahati akaanza kutupiga na kitambaa cha cherehani huku anacheka mpaka machozi.

"Munaniangalia nini? Wezi ya moto nyinyi!"

"Na wewe mkubwa wetu, mama," akasema Da Espé.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya kweli ikafanyika. Vyote kwa pamoja bila gari: hamsini na sita. Zimebaki nne tu. Hapo hata nane haiingii.

Roho ikanishuka. Lakini mzee akasema tuangalie saa pia. Usiku watu wakilala hakuna pasi, hakuna birika, geyser imeshapasha. Zinabaki hita, friji na vidude vyake, na hata ukiihesabu kasiki ya Espé, ishirini na sita.

Nikarukia: "Basi kumi na sita inaingia!"

Akanitazama. "Mutu akiamuka usiku, mutoto wa mugeni anaumwa, anataka maji ya moto. Birika tisa. Geyser nayo ikijiwasha, kumi na tatu. Na kumi na sita yako umepita sitini, nyumba inazima. Weka kumi. Inafika hamsini na nane. Mutu achemushe maji yake bila kuomba ruhusa kwa gari."

Mjadala ukaisha hapo.

Kwa hiyo iko hivi: kitufe kwenye kumi, gari linaanza saa nne usiku, linaacha saa kumi na moja alfajiri kabla pasi na birika hazijaamka. Linapata umeme wa kwenda Diepsloot na kurudi, na zaidi. Papa Gédéon akatoa cheti kipya cha kazi, na Rama alibadilishiwa soketi yake iliyokuwa imeungua bila yeye kujua. Hiyo peke yake inatosha kumshukuru Mungu.

Mama Bahati akafuta ile sheria. Kila hita imeandikwa jina kwenye karatasi juu ya boksi la umeme, ya kwake ya kwanza, kwa mwandiko wake.

Na gari? Nilimuuliza nifunge mizigo au vipi.

"Ile gari ibakie. Lakini Jumapili inapeleka kwaya."

Sasa kila Jumapili mimi mtoto wa madrasa nabeba kina mama wanne na ngoma mpaka kanisani Troyeville. Gari halina mlio, kwa hiyo kwenye robot, taa za barabarani, watu wanasikia nyimbo tu, wanageuka kutafuta zinatoka wapi. Da Espé anawapungia mkono kama malkia.

Nilichojifunza, kwa elimu yangu ya la saba: chaja kubwa si sifa. Hesabu kilomita zako, hesabu masaa gari linayolala, halafu chagua ndogo inayotosha. Mpe kazi mwenye leseni. Usipitishe kwenye waya wa jiko, geyser wala soketi ya kawaida ya ukutani, vuta wake. Na fundi akikuuliza una nini ndani, mwambie vyote. Ampea ulizoficha zinapita kwenye waya ule ule, na anayelala karibu na waya huo ni wewe.

Shebe, najua unasoma humu. Ile thelathini na mbili yako iko uani, njoo uichukue mchana, Mama Bahati anataka kukuona.

Wenye magari ya umeme njooni mseme mnachaji kwa ngapi. Mainjinia nisahihisheni, sinuni.

Na nyie wapangaji wengine, msijifanye mmesoma tu mkapita. Chini ya kitanda chako kuna nini?