Mshahara wa Tarishi

Mtunza nyaraka wa ofisi moja ya zamani pale Iringa hunawa mikono kabla ya kugusa faili lolote, hata kama amenawa robo saa iliyopita. Hugeuza kurasa kwa kiganja kizima na husoma kwa sauti ya chini, kama anayetangaza msiba. Wiki mbili nilizokaa pale nikinakili mishahara ya watumishi wa serikali ya kikoloni, sikumsikia akitoa maoni yake. Nikimuuliza paundi moja ilikuwa shilingi ngapi, hujibu, "Ishirini," basi.

Jumatano alikuja bibi mmoja kutoka Igowole, Yusta Kalinga. Baba yake alikuwa tarishi wa bomani kwa miaka kumi na tisa, akafia njiani mwaka 1951 akiwa amebeba barua za serikali. Bibi alitaka kujua kiinua mgongo cha baba yake kingekuwa kiasi gani leo. Mtunza nyaraka akafungua daftari. Bwana shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, aliandikiwa paundi mia tisa kwa mwaka, posho, nauli ya likizo na pensheni. Tarishi aliandikiwa shilingi arobaini kwa mwezi.

"Kwa hela ya sasa ni ngapi, baba?"

"Bibi, kiinua mgongo hakuandikiwa. Hakuna cha kubadilisha."

"Hata cha mazishi?"

Mtunza nyaraka akageuza ukurasa. "Alifariki tarehe kumi na moja. Mwezi ule walimlipa siku kumi na moja."

Bibi aliinamisha kichwa. Kisha akaomba asomewe tena jina la baba yake. Mtunza nyaraka akasimama wima, akalisoma.